Jinsi nilivyopunguza msaada bila kuwaangusha wanafunzi

Wanafunzi wangu waliweza milinganyo nikiwa ubaoni tu. Nikiwaachia swali, kalamu zinasimama, macho yote kwangu. Kwanza niliacha kuwasaidia ghafla, nikidhani watajikaza. Wakakata tamaa, na kosa lilikuwa langu.

Kilichosaidia ni kuondoa msaada kuanzia mwisho. Nilichukua 3(x + 2) = 21, nikaandika 3x + 6 = 21, kisha 3x = 15, nikaacha mstari wa mwisho wazi. Karibu wote wakaujaza. Baadaye nikaacha mistari miwili, halafu yote. Aliyekwama sikumpa jibu, nilimuuliza, "Nini kinamzuia x kukaa peke yake?" Mwishowe hata swali hilo nikalimeza, nikawa nahesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kumsogelea. Kunyamaza huko kulinishinda mara nyingi.

Watafiti Wood, Bruner na Ross, mwaka 1976, waliufananisha msaada wa aina hii na kiunzi cha mafundi ujenzi, kinachoondolewa jengo likisimama. Si wanafunzi wote walio tayari siku moja. Wachache niliwarudishia mstari mmoja.

Juzi nilimkaribia msichana mmoja, akafunika daftari kwa kiganja. "Subiri kwanza, Mwalimu. Nimeshaona pa kuanzia."