Mhandisi kahamishwa, shimo limebaki

Pale Makambako, barabara kuu ya TANZAM (ya kwenda Zambia) inapokutana na ile ya kwenda Njombe na Songea, shimo ni la TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Ingia mtaani kuelekea sokoni, shimo linakuwa la TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Taka zilizoziba mtaro wa mtaa huo ni za Halmashauri ya Mji, na mtaro uliochimbwa kupitisha bomba ni wa mamlaka ya maji. Miji mingi midogo ya Tanzania iko hivyo, na nusu ya ubovu wa barabara zake unaanzia kwenye mipaka hii ya ofisi kabla hata lori halijapita.

Hadi 2017 barabara za mitaa zilikuwa chini ya idara ya ujenzi ya halmashauri. TARURA ilipoanzishwa mwaka huo, wahandisi na mafundi sanifu wa barabara walihamia huko pamoja na kazi zao. Kwa barabara zenyewe nadhani ulikuwa uamuzi mzuri, maana fedha za Mfuko wa Barabara zilipata ofisi isiyofanya jambo jingine. Kilichopotea ni ule ukaribu: bwana afya wa halmashauri na mtu wa barabara hawapo tena kwenye korido moja. TARURA inazibua mtaro, kontena la taka lililo juu yake haliondolewi kwa wiki mbili, mtaro unajaa tena mifuko na maganda. Maji yakikosa pa kwenda yanarudi juu ya lami.

Shimo ni kazi ya maji. Mitaa mingi ya miji hii ina lami nyepesi, tabaka la milimita ishirini hivi juu ya changarawe iliyochanganywa na saruji. Maji yakipata ufa yanalainisha changarawe, tairi linaisukuma pembeni, lami inabaki imening'inia kisha inavunjika. Kwa hiyo anayemwaga lami shimoni bila kuangalia maji yanatoka wapi ajiandae kurudi mwezi ujao.

Kiraka kinachodumu huanza na chaki. Chora mstatili unaozidi ukingo wa shimo kwa sentimita 15 hadi 30 kila upande, mpaka ufike kwenye lami nzima. Kata kwa mashine au kwa tindo, kuta zisimame wima. Kuta zilizolala kama za sahani zinaacha kingo nyembamba, na hizo ndizo huanza kubanduka. Chimba hadi ufikie kitu kigumu na kikavu, hata kama ni sentimita 30. Jaza changarawe yenye saruji kwa matabaka yasiyozidi sentimita 10, kila moja lishindiliwe kwa kompakta kabla ya jingine. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha takriban robo tatu ya mita ya ujazo ya changarawe, ukilenga saruji ya asilimia 3 hadi 4. Fagia vumbi lote, paka emalsheni ya lami (lami iliyochanganywa na maji) chini na kwenye kuta, subiri igeuke kutoka rangi ya kahawia kuwa nyeusi. Wengi hawasubiri. Kisha weka mchanganyiko wa lami, ushindilie kuanzia kingoni kuelekea katikati, na kiraka kimalizike kikiwa juu ya usawa wa barabara kwa milimita 3 hadi 5, kwa sababu magari yatakikandamiza zaidi.

Hesabu ya vifaa si ngumu. Mita moja ya mraba yenye unene wa sentimita 5 inakula karibu kilo 120 za mchanganyiko. Viraka thelathini vya wastani wa mita 0.8 za mraba ni tani 2.9 hivi, ongeza kidogo kwa upotevu. Mapipa ya emalsheni yaliyokaa stoo tangu mwaka jana yaviringishwe kabla ya kufunguliwa. Ukikuta mabonge chini yasiyorudi kuchanganyika, pipa hilo liache. Kutumia emalsheni iliyokufa ni sawa na kutopaka kabisa.

Mtaro wa bomba una ugonjwa wake. Wakichimba wanarudishia udongo uleule wote kwa mkupuo mmoja, wanapitisha tairi la lori juu, basi. Masika yakipita unapata bonde jembamba linalokatiza barabara. Kibali cha kukata barabara kinapaswa kutaja unene wa kila tabaka na nani atakagua kabla ya kufunikwa, maana baada ya kufunikwa hakuna anayeona kitu.

Kwa barabara za changarawe kosa kubwa ni greda kupita kiangazi. Udongo mkavu haushikani. Greda linaparua ngozi nzuri ya barabara na kuigeuza vumbi. Pitisha greda ardhi ikiwa na unyevu, au boza la maji litangulie, na rola la kushindilia lifuate siku hiyohiyo. Mgongo wa barabara uwe na mteremko wa asilimia 4 hadi 6 kila upande. Na yale matuta ya udongo ambayo greda huyaacha pembeni lazima yaondolewe, la sivyo yanayafungia maji barabarani. Kuweka changarawe mpya ni gharama: kilomita moja yenye upana wa mita 5.5 na unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 825 zikishashindiliwa, karibu 1,070 zikiwa kwenye lori. Kwa lori la mita za ujazo 10 hizo ni safari 107.

Sasa kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mpaka zabuni zitangazwe, zichambuliwe na mikataba isainiwe, ni Oktoba. Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba. Meneja mwenye akili huandaa michoro na makadirio kuanzia Aprili ili zabuni zianze mapema, na kazi za mitaro na makalavati (njia za maji chini ya barabara) ziwekwe mwanzoni.

Hapo ndipo barua ya uhamisho wa mhandisi inapoharibu mambo, hasa ikimkuta katikati ya kipindi cha uangalizi wa kasoro, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kazi yake. Mkandarasi kamaliza, sehemu ya fedha yake imezuiwa hadi kipindi kiishe. Mhandisi mpya anakuta hati ya makabidhiano yenye orodha ya magari, kompyuta na mihuri. Tarehe ya ukaguzi wa mwisho haimo. Ombi la malipo linafika, hakuna anayejua wapi palianza kutitia, fedha inaachiwa.

Hati ya makabidhiano ya barabara iwe na mkataba kwa mkataba: tarehe ya kukamilika, tarehe ya mwisho wa uangalizi, kiasi kilichozuiwa, kasoro zilizoonekana pamoja na picha. Iwe na orodha ya makalavati yote, kipenyo chake na lile linaloziba kwanza mvua ikinyesha. Iwe na sehemu korofi zilizotengenezwa, pamoja na sababu ya ukorofi: chemchemi, udongo mweusi wa mfinyanzi, malori ya mbao. Anayeondoka na anayeingia wazizungukie pamoja kabla ya kusaini. Kama nafasi inabaki kwa kaimu, nakala akabidhiwe fundi sanifu, maana wakaimu nao hubadilika.