Ijumaa yangu ndani ya mfumo wa masomo mtandaoni

Saa 11:20 alfajiri. Hata chai sijaweka jikoni, kundi la darasa lina jumbe 27. "Shikamoo mwalimu, mfumo umefunga." "Mwalimu, si ulisema Ijumaa?" Nilisema mwisho wa kukusanya kazi ni Ijumaa, kweli. Ila Moodle, mfumo wetu wa masomo mtandaoni, usipoigusa saa, huandika 00:00, yaani Ijumaa ile inapoanza. Wanafunzi wangu siku yao huanza kunapokucha. Kwao Ijumaa ilikuwa bado nzima. Kosa ni langu. Nasogeza mwisho hadi 23:59, naandika kwa maneno: "Ijumaa usiku, dakika moja kabla ya saa sita." Nawaomba radhi.

Saa 2:30 asubuhi. Kijana wa mwaka wa pili ananisubiri mlangoni. Kazi ya kwanza amepata sifuri, na anaapa aliikusanya. Tunafungua kumbukumbu za mfumo pamoja. Faili lipo, lilipandishwa siku mbili kabla ya muda kwisha, lakini limeandikwa "rasimu". Alihifadhi, hakubonyeza kitufe cha pili cha kuwasilisha. "Niliona jina la faili langu pale, mwalimu, nikajua tayari." Nani asingejua hivyo? Kitufe hicho mwalimu anaweza kukiondoa kwenye mipangilio ya kazi. Nakiondoa, kisha nasahihisha kazi yake akiwa amekaa hapo hapo. Ni kazi nzuri. Wiki mbili nzima amebeba sifuri isiyo yake.

Saa 5, kipindi. Dakika kumi za mwanzo nawaonyesha programu ya Moodle ya simu: unashusha somo ukiwa kwenye waifai ya chuo, jioni unasoma nyumbani bila bando. Wengi hawakujua. Wamenunua bando muhula mzima kufungua slaidi zile zile.

Saa 8 mchana, wali maharage na mwenzangu aliyenitangulia kazini. Yeye mfumo anautumia kutunzia notsi tu. Vyuo vya Tanzania vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, anasema, alisukumwa mtandaoni bila mafunzo, na vilipofunguliwa Juni hakuna aliyerudi kumuuliza ilikuwaje. Kusahihisha mamia ya kazi kwenye skrini kunaumiza macho, na saa hizo hazihesabiwi popote. Sina la kumpinga.

Saa 10 jioni nashuka ofisi ya TEHAMA. Kazi za hesabu zilizopigwa picha kwa simu zinakataliwa kwa ukubwa. Kijana wa pale anakuta kikomo bado ni 2MB, kile ambacho PHP, lugha ya programu iliyoandikiwa Moodle, huja nacho. Anakipandisha hadi 20, dakika tano tu. Nikiwa njiani nawakumbuka DeLone na McLean, watafiti wa mifumo ya habari: modeli yao ya mwaka 1992 ilipima mafanikio ya mifumo bila kuhesabu huduma ya watu walio nyuma yake, ubora wa huduma waliuongeza 2003. Madodoso yetu ya kuridhika bado yanauliza zaidi kuhusu kasi na mwonekano. Ningeanza kwa kuuliza: ulipokwama, nani alikujibu, na baada ya muda gani?

Saa 5:50 usiku bado niko macho, simu mkononi. Mmoja anauliza kama picha sita zitapita. Namjibu apandishe. Saa 5:57 jina lake linatokea, na pembeni: "Imewasilishwa."