Kinanda kilizima, bibi akaendelea

Jumapili iliyopita nilivaa shati jipya. Naanzia hapo makusudi maana ndo ukweli wenyewe, mimi ni mpiga kinanda wa kwaya hapa Bagamoyo na wiki nzima nilikua nafanyia mazoezi kipande kimoja tu, pale katikati ya wimbo ambapo waimbaji wananyamaza kinanda kinabaki peke yake, nikampa na dogo mmoja simu anirekodi niweke status. Utukufu kwa Mungu ndio, ila kamera kwangu, si mnaelewa.

Ilikua sikukuu ya mavuno. Watu wanaleta mahindi, mihogo, kuku kafungwa miguu, halafu baada ya ibada mnada. Kwenye foleni akaingia bibi mmoja anayekaanga samaki kule sokoni, ana nazi 3 kwenye kikapu, anacheza. Sio ule mwendo wetu wa kwaya wa kulia kushoto kama tunapimwa, anacheza kwelikweli, viatu kaacha kwenye benchi, kanga inataka kudondoka. Nazi moja ikaruka ikabiringika mpaka chini ya stendi ya kinanda changu, bibi akaifata huku bado anacheza, akanigonga na kiwiko nikakosea noti. Nikakunja uso. Moyoni nikasema huyu bibi vipi, heshima ya ibada iko wapi?

Hata dakika 2 hazikuisha umeme ukakatika. Jenereta halina mafuta, hilo tulishalizoea. Spika kimya, kinanda kimya, kwaya nzima inaniangalia kama mimi ndo bwawa la umeme. Bibi wala hakushtuka, akaendelea na pambio lake na makofi, kinamama wakamdaka, wazee nao, kigelegele huku na huku, kanisa linarindima na mimi nimesimama vidole hewani. Hapo ndo nikamkumbuka Mikali binti Sauli, 2 Samweli 6, alivyochungulia dirishani akamwona Daudi anarukaruka mbele za Bwana akamdharau. Na Daudi akamjibu kwamba atajishusha zaidi ya hapo. Mfalme mzima yule, mimi hata kinanda chenyewe cha kanisa.

"Mjukuu wangu, hiyo mikono umeiazima?" Bibi huyo, anapita mbele yangu.

Nikaanza kupiga makofi. Mwanzoni yalikua yanapishana na ya wenzangu, mwanamuziki mimi!

Jioni nikapita Misheni. Kuna ule mnara wa kanisa la zamani ambako mwili wa Livingstone, yule mmisionari mzungu, ulilazwa Februari 1874, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao walikua wameubeba kutoka Chitambo, Zambia ya leo, miezi kama 9 kwa miguu. Alipozikwa kanisa la Westminster Abbey kule London, Aprili mwaka huohuo, Chuma na Susi hawakuwepo. Nimepita pale tangu mtoto ila siku hiyo ndo nikasimama kabisa, nikawa nawaza, njia yote ile, na hakuna aliyekua anawarekodi.

Ile nazi iliyobiringika niliinunua mimi mnadani, elfu 6, sokoni huipati kwa bei hiyo hata ukilewa, bibi alicheka mpaka akashika kiuno. Usiku nikafungua video ya dogo. Mwanzo kama sekunde 10 ni mimi na shati langu, zilizobaki zote kamrekodi bibi. Nimeiweka status hivyohivyo, sijakata kitu.