Jezi ya 35 niliyoigeuza 34

Mchezaji mkubwa akihama, hawakosekani watu wa kukwambia uchome jezi. Wengi wao hawajawahi kuchoma hata leso. Mimi nilijaribu, na ndiyo maana nakasirika kila nikiusikia ushauri huo.

Naanzia mbali kidogo. Mimi ni mwanamke mrefu. Shuleni hapa Tanga waliniita Mlingoti, nikawa napinda mgongo nikipita mbele ya darasa. Mahali pekee nilipojinyoosha ni kwenye mpira wa kikapu, uwanja wa saruji iliyopasuka, pete haina wavu. Kisha Juni 2009 Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam mwenye mita 2.21, akachukuliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa pili kati ya vijana wote walioingia NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka ule. Wa pili! Stephen Curry alikuwa wa saba. Mtanzania wa kwanza kwenye ligi ile, na kitu cha kwanza walichomsifia ni urefu. Tangu hapo sikupinda mgongo tena.

Mwaka 2012 Thabeet akatua Oklahoma City Thunder, nami nikatua naye. Hakupewa dakika nyingi, lakini kumsubiri aingie ndiko kulikonifanya niwatazame wengine: Russell Westbrook anayekimbia kama anafukuza mwizi, na Kevin Durant, mwembamba, mrefu, anayeutia mpira kwenye pete kama mtu anayeweka kikombe juu ya kabati. Thabeet akaondoka 2014. Mimi nikabaki.

Jezi yenyewe aliniletea mjomba anayeishi Marekani, alipokuja likizo 2013. Nilimwomba ya Thabeet, namba 34. Hakuipata dukani, akaleta ya Durant, namba 35, ya bluu, herufi zimeshonwa kwa uzi, si zile za kubandikwa. Nilishukuru. Nikawa naivaa juu ya fulana ya mikono mirefu, na mtandio wangu, naenda nayo mpaka sokoni Mgandini.

Sasa njoo 2016. Fainali ya kanda ya Magharibi tulikuwa tunawaongoza Golden State Warriors kwa mechi 3-1. Timu iliyoshinda mechi 73 msimu ule, na sisi tumebakiza mechi moja kuitoa! Mechi ya sita ilikuwa nyumbani kwetu, kwa saa za huku ni alfajiri ya saa kumi. Klay Thompson akatupia mitupo 11 ya pointi tatu. Kumi na moja. Nilikuwa nimekaa sakafuni, simu nimeiegemeza kwenye ndoo, nikawa nahesabu kwa vidole mpaka vikaisha. Ya saba tukafungwa pia. Kwenye fainali waliyokwenda, nao wakaongoza 3-1, wakafungwa na Cleveland. Mechi ile ya mwisho niliitazama wakati wa daku, na nakiri nilikula daku tamu kuliko zote za Ramadhani ile.

Wiki mbili baadaye, Julai 4, bado tumefunga. Adhana ya magharibi imeshaita, tumekula tende, tumeswali, mimi nagawa uji. Simu ikawaka. Kaka yangu wa Dar: "KD kaenda Golden State." KD ni Durant. Upawa ukaniponyoka ukazama ndani ya uji. Mama akauliza, "Nani kafa?" Nikamwambia hakuna aliyekufa. Akasema, "Basi mbona unalia?" Sikuwa najua kama nalia.

Kwa wasiofuatilia: mkataba wake ulikuwa umekwisha, kwa hiyo alikuwa mchezaji huru, anazungumza na timu aitakayo, na timu aliyoiacha haipati hata senti. Hakuna ada ya uhamisho kama kwenye soka letu. Mwaka ule, kwa sababu ya mkataba mpya wa televisheni, kiwango cha mishahara ambacho timu inaruhusiwa kuwa nacho kiliruka kutoka dola milioni 70 mpaka milioni 94, ndiyo maana Warriors waliweza kumpa nafasi juu ya nyota waliokuwa nao. Yote hayo niliyajua. Haki yake niliijua. Alituchezea misimu minane Oklahoma City, na mmoja Seattle kabla timu haijahamishwa. Angekwenda kwingine kokote ningemwombea dua. Lakini kwa wale wale waliotutoa machozi mwezi mmoja nyuma? Hilo ndilo lililonishinda kumeza.

Kaka akanitania kwa msemo wa mji wetu, "Tanga, waja leo waondoka leo." Kisha akanishauri nihamie Golden State, eti nitakula raha. Shoga yangu wa kazini akasema mwache, kafuata riziki. Na mtandaoni watu wa Oklahoma walikuwa wanachoma jezi, basi nikaona huo ndio utaratibu.

Nisikilize vizuri, usichome. Baada ya tarawehi makaa yalikuwa bado yana moto kwenye jiko uani. Nikaichukua jezi, nikaishika mabegani, nikaishusha taratibu kuanzia pindo. Nilitegemea moto, ule moto wa kwenye video. Hakuna moto. Kitambaa kile ni polista, hakiwaki kama khanga. Kilijikunja, kikanywea, kikaanza kudondosha matone meusi juu ya makaa, na kila tone linatoa moshi wenye harufu ya ndoo ya plastiki iliyosahauliwa jikoni. Tone moja likaniangukia kwenye dole gumba la mguu likaganda hapo hapo. Nina alama mpaka leo. Mama akatoka na kata ya maji akanimwagia mimi, jezi na jiko. Kesho yake chapati zilinuka plastiki, ikabidi jiko lisuguliwe kwa mchanga. Na jezi haikuungua! Ilitoboka tu tundu la ukubwa wa sarafu ya mia mbili karibu na pindo la kushoto.

Nilipoiona vile, imelowa, imetoboka, nikaionea huruma. Ilikuwa imenikosea nini? Ni mjomba wangu aliyeibeba kwenye begi lake. Ni mimi niliyeifua kwa mkono miaka mitatu.

Muuza mitumba mmoja akanipa bei ya elfu tano, au sita, nikaondoka na jezi yangu kwapani.

Mwezi uliofuata, Agosti 4, Westbrook akaongeza mkataba. Siku ile ndiyo nilianza kupata usingizi. Nilikuwa dukani kwetu, nauza vifaa vya ofisi na kutoa kopi, jezi iko kwenye mfuko chini ya meza. Nikaitandaza mgongo juu ya kioo cha mashine, nikatoa kopi ya jina. DURANT. Nikaikata kopi herufi moja moja, nikaanza kuzipanga mezani. Wazo lilikuwa rahisi: 35 na 34 zinaachana kwa tarakimu moja tu. Jezi niliyoiomba 2013 ilikuwa mikononi mwangu siku zote, imekosewa tarakimu moja na jina.

THABEET ina herufi saba, DURANT sita. T ipo. A ipo. N ukiikata ule mstari wa mshazari ukaulaza katikati, inakuwa H. R, mguu wake ukiufunga kwa chini, ni B. Hapo nikasimama. Zimebaki D na U, na mimi nahitaji E mbili na T ya pili. Wateja wawili nikawaambia warudi baadaye. Nikaigeuza U, nikailaza ubavu. Herufi zile ni za pembe, hazina mviringo mwingi, na U iliyolala ubavu ni E iliyokosa ulimi wa katikati! Unaongeza ulimi, basi. D nayo ukiikata uso wa kulia, ukaiongezea ulimi, ni E nyingine. Imebaki T moja tu, na hiyo itatoka kwenye zile 5 zitakazofumuliwa. Nilipiga kelele pale dukani mpaka jirani muuza vipuri vya baiskeli akaja kuangalia kuna nini.

Nikampelekea fundi cherehani mmoja mzee, kibaraza chake kiko huku huku kwenye barabara zetu za namba. Akazipanga upya karatasi zangu juu ya jezi, akanitazama juu ya miwani. "Binti, huyu mtu kakukosea nini?" Nikamweleza. Akasikiliza kesi yote, mpaka 3-1. Akasema, "Basi tumtoe kwa adabu, tusichane kitambaa."

Akafumua kwa wembe, mshono mmoja mmoja, nyuzi anazipuliza. Usije ukatumia mkasi, mkasi unakula kitambaa cha chini. Zile 4 mbili, ya kifuani na ya mgongoni, alizikata kwenye kitambaa kizito cheupe kilichobaki kwenye sare za manesi, akatia ndani kile kitambaa kigumu cha kola ili zisijikunje. Bei ilikuwa elfu nane, au kumi, sikumbuki, na juisi ya miwa nilimnunulia.

Tatizo moja hatukuliwaza. Jua lilikuwa limeipausha jezi kote isipokuwa chini ya 5. Ilipofumuliwa, 5 ilibaki pale pale, ya bluu iliyokolea, na 4 haifuniki lile tumbo la chini. Fundi akasema tushone tu, haionekani. Ilionekana! Nikakataa. Nikairudisha nyumbani ina 3 tu, nikaianika uani kila siku saa nne mpaka saa tisa, jua linaipiga, naigeuza kama samaki, mpaka kivuli cha 5 kikafifia. Siku tisa hivi. Matundu ya sindano niliyaziba kwa pasi na kitambaa kibichi. Ndipo akashona. Lile tundu la moto akaliwekea kiraka kwa ndani.

Alfajiri ya Februari 12, 2017 nilikuwa nimeivaa, saa kumi na nusu, Durant aliporudi Oklahoma City mara ya kwanza. Uwanja mzima unamzomea, watu wamevaa kama keki ndogo, tusi la kule kwa mtu laini, maana siku aliyohama Westbrook aliweka mtandaoni picha ya keki hizo bila kumtaja. Westbrook alifunga 47. Tulifungwa, 130-114. Nilikwenda kazini nimevimba macho, na sikuivua. Msimu ule Westbrook alifikisha tarakimu mbili za pointi, ribaundi (mipira inayodakwa baada ya kukosa pete) na pasi za kufungisha katika mechi 42, akaivunja rekodi ya 41 ya Oscar Robertson iliyokaa tangu msimu wa 1961-62. Durant akachukua ubingwa 2017 na 2018. Kaka alinipigia simu mara zote mbili. Nilipokea mara zote mbili.

Baadaye Westbrook naye akaenda, tukawa timu ya kufungwa. Desemba 2021 Memphis walitufunga 152 kwa 79, tofauti ya pointi 73, haijawahi kutokea kwenye ligi ile. Nilikaa.

Julai 2024 Clatous Chama, Mwamba wa Lusaka, mkataba wake Simba ukaisha akavuka kwenda Yanga. Mtoto wa jirani, kidato cha pili, akaja kwetu na jezi nyekundu, CHAMA 17, na kiberiti mfukoni. Kuna mtu mzima aliyemtuma hivyo! Nikamwonyesha dole gumba langu. Akasema basi tumpelekee fundi, tubadilishe jina kama nilivyofanya mimi. Nikaisoma ile jezi, nikamuuliza, "Mdogo wangu, Simba ni nini kwako?" Akajibu bila kufikiri: "Si chama langu, dada." Nikanyamaza, nikamwachia aisome mwenyewe. Ilimchukua muda. Kisha akaivaa palepale, na jina lile halijaguswa mpaka leo.

Usiku wa kuamkia Juni 23, 2025, saa tisa, mechi ya saba ya fainali na Indiana Pacers. Shai Gilgeous-Alexander alifunga 29 akatoa pasi 12, tukashinda 103-91. Shai tulimpata 2019 nyota wetu Paul George alipotaka kwenda timu ya Clippers, na katika mabadilishano hayo hayo ilikuja nafasi ya kuchagua kijana mpya iliyotuletea Jalen Williams. Durant alituachia mikono mitupu. George hakuruhusiwa kuondoka hivyo. Nililia tena, na mama hakuuliza nani kafa, alileta kahawa.

Asubuhi nikapita kwa fundi nimeivaa. Sasa hatumii miguu kukanyaga cherehani, amefunga mota. Nikamwambia tumechukua kombe. Akasema hongera mwanangu, geuka. Nikageuka. Nikamsikia anaikwaruza kwa ukucha ile R tuliyoifanya B, mguu uliofungwa kwa chini, anaitafuta ncha ya uzi.

"Haijafumuka," akasema.