Kuikumbuka Sayuni, Kuuombea Babeli

Masomo: Zaburi 137:1–6, Yeremia 29:4–7

Wapendwa katika Bwana,

Masomo yetu ya juma hili yanawahusu watu walewale, yaani mateka waliotolewa Yerusalemu wakapelekwa Babeli, na mtu akiyasoma kwa haraka anaweza kudhani kwamba yanapingana. Mtunga zaburi anaapa kwamba akiisahau Yerusalemu, mkono wake wa kuume na usahau, na ulimi wake na ugandamane na kaakaa la kinywa chake. Yeremia naye anawaandikia mateka hao barua akiwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoze wana wao na kuwaoza binti zao, kisha anawapa agizo lililo gumu kuliko hayo yote: “Kautakieni amani mji ule, ambao nimewafanya mchukuliwe mateka, mkauombee kwa BWANA.” Je, moyo mmoja unaweza kubeba kiapo kile na agizo hili kwa pamoja?

Kwa swali hilo ninaomba tuwatazame ndugu zetu Wakristo wa Armenia, taifa ambalo kwa mapokeo yake liliipokea imani ya Kristo mwaka 301, na ambalo leo limetawanyika kutoka Beirut na Aleppo hadi Marseille, Buenos Aires na Los Angeles. Wapo waliotoka kwao zamani kwa biashara, lakini wengi wa hawa waliotawanyika ni uzao wa walionusurika mauaji ya kimbari yaliyoanza mwaka 1915 katika Dola ya Osmani, ambamo inakadiriwa kuwa watu zaidi ya milioni moja waliuawa au waliangamia kwa njaa na kiu wakiswagwa kuelekea jangwa la Syria.

Walionusurika waliibeba Sayuni yao kwa namna inayoonekana kwa macho. Katika Bourj Hammoud, kando ya Beirut, wakimbizi waliokuwa wakiishi katika vibanda walijenga mitaa na kuiita Marash Mpya, Adana Mpya na Sis Mpya, kwa majina ya miji waliyofukuzwa, na katika mitaa hiyo wakajenga makanisa na shule. Huko Anjar, katika bonde la Bekaa, wamekaa watu wa Musa Dagh, mlima ambao wanakijiji wake walipanda mwaka 1915 wakajihami dhidi ya jeshi hadi manowari za Ufaransa zilipowaokoa. Baada ya vita walirudi vijijini kwao, lakini mwaka 1939, eneo lile lilipokabidhiwa kwa Uturuki, wengi wao waliondoka tena. Waliletwa kwenye ardhi tupu ya Anjar, ambako malaria iliua wengi katika siku za mwanzo. Hata hivyo waliugawa mji wao mpya katika mitaa sita, kila mtaa ukachukua jina la kijiji kimoja cha mlimani.

Kila mwaka mwezi wa Septemba, panapoadhimishwa Sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, watu hao hupika usiku kucha ngano na nyama katika masufuria makubwa, wakikoroga na kuponda hadi vitu viwili vile viwe kitu kimoja. Wenyewe huita chakula hicho harisa, na ndugu zetu wa pwani na wa Oman watakitambua mara moja, kwa kuwa ndicho boko boko. Asubuhi padri hubariki masufuria, na chakula hugawiwa kwa kila aliyefika. Ninauona uzito mkubwa katika jambo hili, kwamba kumbukumbu ya siku za kuzingirwa na njaa huadhimishwa kwa kulisha watu.

Lakini je, wamemtii na Yeremia? Jibu lililo karibu nasi zaidi liko Addis Ababa. Mwaka 1924 Ras Tafari, ambaye baadaye alitawazwa kuwa Mfalme Haile Selassie, alizuru Yerusalemu na kuisikia bendi ya matarumbeta ya vijana yatima wa Kiarmenia, waliokuwa wakilelewa katika monasteri ya kanisa lao baada ya wazazi wao kuuawa. Aliomba ruhusa kwa Patriarki wao, akawachukua vijana 40 hadi Ethiopia, ambako wakawa bendi ya kifalme. Mwalimu wao, Kevork Nalbandian, mzaliwa wa Aintab na mwenyewe mtu aliyepoteza kwao, ndiye aliyeutunga muziki wa wimbo wa taifa uliopigwa siku mfalme alipotawazwa, Novemba 1930, na ambao Waethiopia waliendelea kuuimba kwa zaidi ya miaka arobaini.

Mateka wa Babeli walivitundika vinubi vyao penye mierebi wakauliza, “Tuuimbeje wimbo wa BWANA katika nchi ya ugeni?” Simlaumu hata mmoja wao, kwa maana yako majonzi yasiyoruhusu wimbo. Lakini ninapowafikiria vijana wale, ambao hawakubakiwa na baba, mama wala kijiji, wakisimama kwa ala zao na kuipigia nchi ya watu wengine wimbo wake, ninasadiki kwamba barua ya Yeremia inatendeka. Wala hawakulipa hilo kwa kuiacha Sayuni: Waarmenia wa Addis Ababa walijenga kanisa lao, wakafungua shule yao, wakawafundisha watoto wao alfabeti aliyoibuni Mtakatifu Mesrop Mashtots karibu mwaka 405 ili watu wake wasome Maandiko kwa lugha yao.

Si haki kunyamazia upande mwingine. Jumuiya hiyo ya Addis Ababa imebaki ndogo sana, hasa baada ya mapinduzi ya mwaka 1974. Huko Dhaka limesimama kanisa la Waarmenia lililojengwa mwaka 1781, na Singapore lingine la mwaka 1835, lakini waumini walioyajenga karibu wote wametoweka. Mungu hakuahidi kwamba kila mji tunaouombea utakuwa na wajukuu wetu ndani yake. Aliahidi kwamba katika amani ya mji huo tutapata amani, na kwa walioishi humo ahadi hiyo ilitosha kwa siku zao.

Juma hili, ninyi mnaosoma mkiwa nyumbani na ninyi mnaosoma mkiwa ughaibuni, tuyasome masomo haya mawili kwa pamoja jioni moja pamoja na watoto. Tuwaombee kwa majina ya miji yao ndugu zetu wa Aleppo, Beirut na Yerusalemu, na pia Waarmenia zaidi ya 100,000 waliokimbia eneo la Nagorno-Karabakh mwezi Septemba 2023, ambao wamelazimika kuanza maisha upya. Kisha tuutaje mbele za Bwana mji tunaoishi sisi wenyewe, pamoja na viongozi wake, masoko yake, na majirani ambao hatujawahi kuwaombea.