Uanagenzi wa programu: acheni kuniambia nitenganishe kazi na darasa

Nilipoanza uanagenzi wa uhandisi wa programu, karibu kila mtu alinipa ushauri uleule: mchana piga kazi, usiku soma, usichanganye. Ni ushauri mbaya. Niliufuata miezi miwili, nikaishia kumaliza bando kabla ya wiki kwa video za masomo nilizotazama huku nasinzia. Siku nne niko ofisini Kijitonyama, Ijumaa na Jumamosi asubuhi niko darasani, na nyumbani ni Kimara. Mtu aliyesimama kwenye basi la mwendokasi jioni nzima hana tena kichwa cha kuelewa kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa za programu.

Masomo nikayahamishia alfajiri. Saa kumi na moja na nusu niko Kimara Mwisho, kiti bado kinapatikana. Nashuka kituo cha Morocco, namalizia kwa bajaji, na ofisini napata kama saa moja na nusu kabla wenzangu hawajafika. Video niliachana nazo. Mwongozo wa Python, lugha ninayoandikia programu, na wa PostgreSQL, kanzidata ninayotumia, yote inapakuliwa mizima, kwa hiyo hata umeme ukikatika unaendelea kusoma.

Kitu cha pili ni daftari la kurasa mbili mbili. Kushoto naandika hitilafu niliyokutana nayo kazini, kulia somo la darasani linaloieleza. Kulia kukibaki kutupu, hilo ndilo swali langu la Ijumaa kwa mwalimu.

Ukurasa wa kwanza una neno king'amuzi. Mfumo wa duka fulani ulikuwa unakwama kila muuzaji akilitafuta, kwa sababu ile alama ya ng' ndiyo inayofunga maandishi kwenye SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata. Kanzidata ilisoma "king" kama neno zima na kuona kilichobaki ni amri isiyoeleweka. Niliambiwa niwaelekeze wauzaji waandike "kingamuzi" yaishe. Hapana! Tundu hilohilo ndilo mtu mwenye nia mbaya analopitishia amri ya kufuta jedwali. Dawa ni kutounganisha maandishi kabisa: andika jina = %s ndani ya swali, hiyo %s ikiwa nafasi tupu, kisha mpe psycopg2, kiunganishi cha Python na PostgreSQL, thamani kando, (neno,). Hiyo koma ya mwisho usiisahau. Bila koma, Python haioni orodha ya kitu kimoja bali inaona neno lenyewe, na herufi zake zinahesabiwa moja moja.

Lakini somo lililonilipa zaidi lilitoka kwenye duka la dawa linalouza usiku kucha. Msimamizi wake alipiga simu: "Kaka, fedha za droo ziko sawa, ila ripoti yenu ya siku haikubali." Dada anayenisimamia akanikabidhi. Kwenye kompyuta yangu ripoti ilikuwa sahihi na majaribio yote yalipita. Nikachukua risiti za siku tatu na kuzilinganisha na ripoti mstari kwa mstari, na hapo ikajitokeza: yaliyokosea yalikuwa mauzo ya kati ya saa sita na saa tisa usiku tu. Yote yalirudi siku ya nyuma. Pengo ni la saa tatu kamili, wala si dakika zaidi.

Seva yetu huhesabu kwa UTC, saa ya kimataifa ambayo kanda zote hupimwa kwayo, na Dar es Salaam iko saa tatu mbele yake. Panadol iliyouzwa 00:30 usiku wa kuamkia Jumanne, kwa seva bado ni Jumatatu saa 21:30. Ikiwa Jumanne hiyo ni tarehe mosi, mauzo hayo yanaangukia hata mwezi mwingine.

Nikaongeza saa tatu kwenye hesabu, timedelta(hours=3), nikaona nimemaliza. Ripoti ya kwenye seva ikanyooka. Ila kazi hiyohiyo ilikuwa inaendeshwa pia na kompyuta ya dukani, ambayo saa yake ni ya Dar tayari. Huko sasa kila kilichouzwa kuanzia saa tatu usiku kikarukia kesho yake! Nilikuwa nimelihamisha kosa kutoka mashine moja kwenda nyingine.

Njia sahihi ni kuacha muda kwenye kanzidata ulivyo, katika UTC, na kuugeuza mahali pamoja tu, pale unapoulizia tarehe, kwa kutaja kanda ya saa kwa jina: ZoneInfo("Africa/Dar_es_Salaam"). Hapo programu haitegemei tena saa ya mashine yoyote. Kwenye Windows itakulalamikia kwamba haiijui kanda hiyo, kwa sababu Windows haiji na orodha ambayo Python inaisoma. Sakinisha orodha hiyo, tzdata, kwa pip, kisakinishi cha Python, na itatulia. Na kabla ya kuandika mstari hata mmoja, muulize mwenye duka siku yake inafungwa saa ngapi. Huyu wa kwetu alisema saa sita usiku, lakini wapo wanaofunga hesabu zamu ya usiku ikitoka asubuhi, na kwao mauzo ya 00:30 ni ya jana kweli.

Kuhusu kuuliza: usikae na tatizo siku nzima kwa kuogopa kuonekana hujui. Mimi najipa dakika 30, kisha naenda kwa dada nikiwa na vitu vitatu: nilichotarajia, kilichotokea, nilichojaribu. Mara nyingi jibu nalipata nikiwa bado naandika hicho cha tatu.

Git bisect, amri ya kusaka badiliko lililoleta hitilafu, nayo niliichukua darasani Jumamosi, kwenye somo la kutafuta kwa kugawa nusu, na Jumatatu nikaitumia kazini. Mabadiliko 200, hatua nane, nikamfikia aliyeharibu uchapaji wa risiti. Nilikuwa mimi.

Mradi wangu wa muhula niliufanya kwa hitilafu ya duka la dawa. Mwalimu alitaka kuiona kwa macho. Nikaendesha majaribio kwenye msimbo wa zamani: yote yamepita. Nikaandika TZ=UTC pytest, yaani endesha majaribio kana kwamba mashine iko kwenye saa ya UTC, jaribio la mauzo ya 00:30 likaanguka palepale. Nikaleta msimbo mpya, nikarudia amri ileile, likapita. Akasogeza kiti karibu, akasema, "Weka na kanda ya Tokyo tuone." Likapita tena.