Siku Moja ya Januari Mjini Brandon, Kanada

Saa kumi na moja alfajiri. Kipimajoto cha dirishani kinaonyesha nyuzi 31 chini ya sifuri. Magari ya huku yana plagi inayoning'inia mbele, karibu na taa, nasi huichomeka kwenye umeme usiku kucha ili kifaa kilichomo ndani ya injini kiipashe joto. Jana nilichomeka yangu vizuri, lakini leo nimekuta imechomoka. Nawasha gari, injini inaguna mara mbili, kisha kimya.

Saa kumi na mbili na robo. Mzee jirani, aliyelima ngano miaka mingi kabla ya kuhamia mjini, ameniona kutoka jikoni kwake na kuja na nyaya za kuunganisha betri bila kuitwa. Sikupata hata nafasi ya kumshukuru ipasavyo, kwa kuwa gari lilipowaka tu alinihimiza niondoke nisichelewe.

Saa moja kamili niko kazini, katika nyumba ya kutunzia wazee. Brandon ni mji wa pili kwa ukubwa katika jimbo la Manitoba, ingawa sensa ya 2021 ilihesabu watu wapatao 51,000 tu, na kutoka kwangu hadi kazini ni mwendo wa dakika kumi. Nilipoishi Toronto nilimaliza karibu saa tatu kila siku ndani ya basi na treni, na mwanangu alinizoea kama mtu wa kuja kulala. Muda huo nimerudishiwa hapa, nami sioni mshahara unaoweza kuulipia.

Saa mbili na nusu, jua ndiyo kwanza linachomoza. Mimi na mwenzangu tunamwinua bibi mmoja kwa mashine: tunapitisha kitambaa chini ya mgongo na mapaja, tunakagua kila kitanzi, na mmoja anashika miguu wakati mwingine anabonyeza kitufe, kwa sababu kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Akiisha kukaa, anaomba pazia lifunguliwe. Kandokando ya jua yametokea majua mawili madogo, mwanga uliopindwa na chembe za barafu zinazoelea hewani. Ananishika kidole na hakiachii mpaka yanafifia.

Saa sita mchana kwetu ni saa tatu usiku Tanga, kwa hiyo mapumziko yangu ni ya simu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Umekula? Umejifunika?" Nimemjibu ndiyo kwa yote mawili.

Saa tisa alasiri zamu inaisha, nami napitia dukani kutafuta unga. Kiwanda kikubwa cha nyama ya nguruwe kilifunguliwa hapa mwaka 1999 na kuvuta wafanyakazi kutoka El Salvador, Honduras, China na Mauritius, ndiyo maana maharage, pilipili na ndizi za kupika hupatikana kwa urahisi. Unga wa mahindi wa Waamerika ya Kati, hata hivyo, hutokana na mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, na ugali wake una harufu ambayo mume wangu hajaikubali hadi leo.

Saa kumi niko na mwanangu katika maktaba ya Rosser Avenue, katikati ya mji, ambako anaazima vitabu bila kulipa hata senti.

Lakini nisifiche linaloniumiza. Kumwona daktari wa kawaida hatulipi chochote, ila bingwa wa macho ya mwanangu yuko Winnipeg, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa. Mwezi uliopita barabara kuu ilifungwa kwa dhoruba ya theluji siku ileile ya miadi, tukapangiwa tarehe nyingine wiki saba mbele. Mtoto anayesoma kwa kusogeza kitabu puani hapaswi kusubiri barabara isafishwe, na mji wenye chuo kikuu na hospitali unastahili kuletewa mabingwa hao hata mara moja kwa mwezi.

Saa tatu usiku mwanangu amelala, na baridi imerudi palepale. Natoka na tochi, nachomeka plagi, kisha naifunga kwa kipande cha kanga iliyochakaa, mafundo mawili, isichomoke tena.